Keki za Vikombe Zinazookwa Nyumbani: Bei Yake Hutokana na Nini, na Mapambo Yake Yaweje

Keki ndogo zinazookwa ndani ya vikombe vya karatasi, ambazo wengi sasa huziita kapkeki, zimekuwa biashara ya nyumbani katika miji yetu yote. Huuzwa kwenye vibaraza, kwenye kantini za shule, maofisini wakati wa chai, na zaidi ya yote kwa oda zinazopokelewa kwa simu na kupelekwa kwa bodaboda. Mwokaji mara nyingi ni mtu wa mtaa uleule anakoishi mnunuzi. Ndiyo maana wawili hao wanapokosana kwa sababu ya bei au mapambo, hasara haiishii kwenye fedha. Watakutana tena kesho dukani au msibani.

Malalamiko tunayoyazungumzia hapa ni ya pande mbili. Mnunuzi husema ametozwa shilingi 1,500 kwa kitu kinachomalizwa kwa midomo mitatu. Mwokaji naye husema amekesha usiku kucha, ameuza keki zote, na asubuhi hana fedha ya kununua trei nyingine ya mayai. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli. Tumeona vyema, kwa hiyo, kuifungua hesabu hii mbele ya wote, kwa sababu mnunuzi anayejua bei inavyojengwa hawezi kupunjwa kwa urahisi, na mwokaji anayeijua hatajipunja mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba mwokaji ni mlaji kama walaji wengine: yeye hununua unga, sukari, gesi na rangi, na huko nako anaweza kuuziwa visivyo.

Mtindo wenyewe wa kuoka keki ndani ya vikombe si wa jana. Vitabu vya mapishi vya Marekani vya miaka ya 1796 na 1828 vinautaja tayari. Vikombe vya udongo vilitumika kwa sababu keki ndogo huiva upesi kuliko kubwa, na sifa hiyo ndiyo inayoifanya ipendwe hadi leo na mwenye jiko dogo na gesi ya kupima.

Hesabu ya keki 24

Kanuni ya kale ya keki ya kawaida ni uzani sawa: unga, sukari, mafuta na mayai viwe na uzito mmoja. Kwa keki 24 za ukubwa wa kawaida, gramu 250 za kila kimoja zinatosha, pamoja na maziwa kidogo. Mayai matano ya gramu 50 hutimiza gramu 250. Tunasisitiza gramu, wala si vikombe na vijiko, kwa sababu kikombe cha unga uliotikiswa na kikombe cha unga uliochotwa hivi hivi vinaweza kutofautiana sana, na tofauti hiyo huonekana kwenye keki na kwenye mfuko. Mizani ndogo ya jikoni hurudisha gharama yake mapema kuliko chombo kingine chochote cha mwokaji.

Bei tutakazozitumia hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za duka lake. Tuchukulie unga ni shilingi 2,000 kwa kilo, sukari 3,200, majarini 10,000 kwa kilo, na yai moja 400. Basi unga ni 500, sukari 800, majarini 2,500, mayai 2,000. Maziwa, bekingi pauda, vanila na chumvi tuvipe 700 kwa pamoja. Jumla ya keki zenyewe kabla ya kupambwa ni shilingi 6,500.

Krimu ya kupambia huchukua sehemu moja ya mafuta na mbili za sukari laini ile inayoitwa aisingi shuga. Kwa keki 24 zenye mzunguko mrefu wa krimu juu yake, tuweke gramu 250 za majarini kwa 2,500 na gramu 500 za sukari laini kwa 3,000, pamoja na rangi na ladha kwa 500. Hizo ni shilingi 6,000. Msomaji aangalie vizuri hapo: kofia ya keki inakaribia kugharimu sawa na keki yenyewe, na bado hatujaugusa muda wa kuitengeneza.

Vikaratasi 24 vya kuokea kwa shilingi 50 kila kimoja ni 1,200. Maboksi manne ya keki sita sita kwa 800 ni 3,200. Gesi tuipe 1,100. Sasa tumefika shilingi 18,000, na hapa ndipo waokaji wengi wanapoishia. Hugawanya kwa 24, hupata 750, huuza kwa 1,000, na huamini kwamba wamepata faida ya 250 kwa kila keki.

Lakini keki 24 zinazoingia jikoni si keki 24 zinazouzwa. Moja hupasuka, nyingine huungua upande uliokaa karibu na moto, na nyingine huonjwa, tena ni vema ionjwe. Kuhesabu keki 22 za kuuza katika kila 24 ni busara kwa jiko la nyumbani. Hapo gharama ya vitu peke yake imeshapanda kutoka 750 hadi takribani 818. Anayeuza kwa 800, kama tunavyoona kwenye baadhi ya meza za mitaani zinazotumia vitu hivihivi, hulipia wateja wake shilingi 18 kwa kila keki wanayokula.

Kisha kuna mikono. Tangu kuosha vyombo na kupima unga, kuoka, kusubiri keki zipoe, kupiga krimu, kupamba, hadi kufunga maboksi, kazi halisi ya kundi hili ni kama saa tatu. Mwokaji ajiulize swali hili bila aibu: kama ningemwajiri binti wa jirani anifanyie kazi hii, ningemlipa kiasi gani kwa saa? Tuseme 2,500. Kwa saa tatu ni 7,500. Fedha hiyo ni gharama. Haihesabiwi kuwa faida. Wengi hukataa kuiandika kwa hoja kwamba ni nguvu zao wenyewe, wala hawakuzinunua. Hoja hiyo haina nguvu. Mwezi ambao mwokaji ataugua au atajifungua, atamlipa mtu afanye kazi ileile, na bei aliyoizoesha wateja haitakuwa na nafasi ya kumlipa.

Mwisho kuna uchakavu. Miksa ya shilingi 150,000 inayodumu kwa makundi 300 ya keki hula shilingi 500 kwa kila kundi, hata kama hakuna anayeiona ikila. Jumla yote sasa ni 26,000, na ukigawanya kwa 22 unapata shilingi 1,182 kwa keki moja. Huu ndio mstari wa chini. Chini yake mwokaji anatoa sadaka.

Faida huongezwa juu ya mstari huo, na kuna mtego mdogo wa hesabu unaostahili kutajwa. Mtu anayetaka asilimia 20 ya bei ibaki kuwa faida hapaswi kuzidisha gharama kwa 1.2, maana atapata 1,418, na faida yake itakuwa chini ya asilimia 17 ya bei. Agawanye gharama kwa 0.8, atapata 1,477, yaani shilingi 1,500 kwa bei ya kutamkika. Faida hiyo ndiyo inayobeba siku ya mvua wateja wasipotokea, keki zinazolala, na mtaji wa kununulia oveni kubwa zaidi.

Kwa hiyo mnunuzi anayeombwa shilingi 1,500 kwa keki ya namna hii, katika bei tulizozichukulia, hajaonewa. Aliyeombwa 3,000 ana haki ya kuuliza ni nini kilichoongezwa, na mwokaji mwenye daftari ataweza kumjibu.

Waridi la dakika tano

Jibu mara nyingi ni mapambo. Katika mfano wetu dakika moja ya kazi ni takribani shilingi 42. Mzunguko wa krimu unaotolewa kwa mfuko wenye ncha ya nyota huchukua sekunde chache kwa mkono uliozoea. Waridi lenye petali zinazopangwa moja moja huchukua dakika tano. Kwa keki 24 hizo ni saa mbili zaidi, yaani shilingi 5,000, ambazo huongeza shilingi 227 kwenye kila keki inayouzwa. Gharama inafika 1,409, na bei inayostahili inasogea hadi karibu 1,800. Waridi lile halikuongeza sukari wala siagi yenye thamani ya kutajwa. Limeongeza muda tu. Mnunuzi anayetaka herufi za jina la mtoto, sura ya katuni na rangi nne tofauti ajue kwamba kila rangi ni bakuli lake, mfuko wake na maji yake ya kuoshea.

Kinyume chake pia ni kweli. Krimu iliyopakwa kwa kisu, nyembamba na laini, hutumia nusu ya kiasi tulichokitaja na huokoa kama dakika ishirini katika kundi zima. Gharama hushuka hadi karibu shilingi 1,008, na keki inaweza kuuzwa kwa 1,300 bila mtu yeyote kuumia. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo keki inayofaa kantini za shule, na sababu si bei peke yake. Keki yenye kofia ndefu katika mfano wetu ina takribani gramu 31 za sukari: 10 ndani ya keki na 21 juu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na linasema kushuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Keki moja ndogo imeshavuka kipimo hicho cha pili. Ile iliyopakwa kwa kisu inabaki kwenye gramu 21.

Ukubwa nao hudanganya macho. Keki ya mfano wetu, pamoja na krimu yake, ina uzito wa kama gramu 70. Kwa shilingi 1,500 mnunuzi analipa zaidi kidogo ya 2,100 kwa kila gramu 100. Jirani anayeuza kikombe kikubwa cha gramu 110 kwa 1,800 anaonekana ghali, kumbe kwa kila gramu 100 anatoza kama 1,640. Tunashauri maswali mawili yaulizwe kabla ya oda kubwa: keki moja ina uzito gani, na katika huo, krimu ni kiasi gani? Mwokaji makini huwa ameshapima.

Kuhusu punguzo la oda kubwa, kama ya keki 100 za kipaimara au za mahafali, wote wawili wawe na kiasi. Vitu vinavyonunuliwa kwa wingi hushuka bei, na oveni iliyokwisha kupata moto hutumia gesi kidogo kwa kundi la pili. Lakini mikono haiendi haraka zaidi kwa sababu keki ni nyingi. Kwa kweli huchoka. Punguzo la asilimia 10 katika bei ya 1,500 hubakisha 1,350, na mwokaji bado anapumua. Punguzo la asilimia 20 humfikisha 1,200, shilingi 18 juu ya mstari wa chini. Mnunuzi anayebana hadi hapo asishangae majarini ikibadilishwa kimyakimya.

Joto letu na krimu yao

Mapambo mengi yanayoonekana kwenye picha yamebuniwa katika nchi za baridi. Siagi ya maziwa huanza kulegea kabla ya nyuzi 30 za Selsiasi, na kwenye nyuzi 32 hadi 35 huyeyuka. Dar es Salaam na Tanga, kati ya Desemba na Machi, mchana hupita nyuzi 30 bila taabu, na ndani ya boksi lililofungwa nyuma ya pikipiki joto ni zaidi. Maua yaliyotoka nyumbani yakiwa yamesimama hufika ukumbini yamelala. Hapo ugomvi huanza, na kwa kawaida bodaboda ndiye anayelaumiwa.

Njia za kukabili hali hii zipo. Nusu ya siagi inaweza kubadilishwa kwa mafuta ya mboga yaliyoganda, ambayo hustahimili joto zaidi. Ladha hupungua kidogo, na ulimi hubaki na utando wa mafuta, lakini umbo husimama. Keki ziachwe zipoe kabisa kabla ya kupambwa, kwa muda usiopungua saa moja, maana keki yenye uvuguvugu huyeyusha krimu kutokea chini. Krimu ndefu iachwe kwa sherehe za jioni au za mikoa ya baridi kama Njombe na Arusha. Kwa mchana wa pwani, sukari laini iliyokorogwa kwa maji ya limau, ikamiminwa nyembamba, hukauka na kuwa ngumu, haiogopi jua, na gharama yake ni ndogo. Nazi iliyokunwa na kukaangwa kidogo, korosho zilizosagwa na maganda ya chungwa yaliyochemshwa kwenye sukari ni mapambo ya kwetu ambayo joto haliyabadilishi, na tunadhani hayajapewa nafasi yanayostahili.

Hapa pia pana suala la ukweli. Keki iliyotangazwa kuwa ya siagi lazima iwe na siagi. Majarini si dhambi, ni chakula halali na cha bei nafuu, lakini kuiuza kwa jina la siagi ni kumpotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Picha ya keki iliyotengenezwa na mtu mwingine, ikatumiwa kama tangazo la kazi yako, iko katika fungu hilohilo.

Krimu ya maziwa halisi na ile ya jibini laini ni habari nyingine. Hizo si za kukaa mezani. Zinahitaji jokofu la chini ya nyuzi 5, na nje yake zisizidi saa mbili, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana haraka. Asiye na njia ya kuzisafirisha katika ubaridi asizipokee kwenye oda, hata akishinikizwa. Vivyo hivyo ute mbichi wa yai uliopigwa na sukari: ni mzuri kwa macho, lakini unaweza kubeba bakteria wa salmonela. Ute huo upikwe juu ya mvuke pamoja na sukari kabla ya kupigwa, na mayai yenye nyufa yasitumike kabisa, hata kama muuzaji ameyapunguza bei.

Kinachong'aa si lazima kiliwe

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa utulivu, kwa sababu inahusu watoto. Madukani kuna pauda na chembe za kung'aa za dhahabu, fedha na waridi zinazouzwa pamoja na vifaa vya keki. Baadhi zimetengenezwa ili ziliwe. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kupambia vitu visivyoliwa, na maandishi yake husema tu kwamba hazina sumu. Maneno hayo mawili hayana maana moja. Kitu kisicho na sumu kikiguswa kwa ngozi si chakula kwa sababu hiyo. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto sita waliugua kwa kutapika na kuharisha baada ya kula keki ya sikukuu ya kuzaliwa iliyopambwa kwa pauda ya namna hiyo. Uchunguzi ulikuta ndani yake kiasi kikubwa cha shaba, yaani madini yaleyale ya waya za umeme.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Chombo cha rangi au pauda ya kuliwa kina orodha ya viambato, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maneno yanayosema wazi kwamba ni kwa ajili ya chakula. Kikikosa orodha ya viambato, kisiwekwe kwenye keki hata kama muuzaji anaapa. Rangi iliyogawanywa kutoka chombo kikubwa na kuwekwa kwenye kichupa kisicho na lebo ikataliwe pia. Mnunuzi ana haki ya kumwomba mwokaji amwonyeshe chombo chenyewe, na mwokaji mwema hatachukia.

Rangi za kuliwa nazo zitumike kwa mkono mwepesi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2010, vyakula vyenye rangi sita fulani za viwandani, ikiwemo tatrazini yenye namba E102, sharti viwe na onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Mwaka 2022 umoja huo ulipiga marufuku rangi nyeupe ya E171 katika chakula. Msomaji akiziona namba hizo kwenye lebo atajua anachonunua. Manjano, juisi ya kiazi sukari chekundu na kakao hutoa rangi tulivu zaidi, na hakuna mtoto atakayeikataa keki kwa sababu wekundu wake si mkali.

Maua halisi yamekuwa mtindo. Waridi la duka la maua limelimwa ili litazamwe, na huwa limepuliziwa dawa za wadudu zisizokusudiwa kwa mazao ya kuliwa, kuliosha hakutoshi. Anayetaka maua ayatumie yale anayoyajua kuwa yanaliwa na yamekuzwa bila dawa, kama asumini ya kibarazani kwake mwenyewe. Vijiti vya meno, waya, pini na shanga za plastiki zinazoshikilia mapambo zitajwe kwa mdomo na kwa maandishi kabla boksi halijafunguliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu tunashauri visiwepo kabisa, wala zile lulu ngumu za sukari, kwa sababu humkaba kooni.

Na kabla ya rangi na maua yote, swali la kwanza la oda liwe hili: kuna mlaji asiyepatana na mayai, maziwa, ngano, soya, karanga au korosho? Mwokaji aliyesaga korosho kwenye mashine ileile hawezi kuahidi keki isiyo na korosho. Aseme hivyo waziwazi, hata kama atapoteza oda.

Kuagiza, kulipa, na kulalamika

Makubaliano ya mdomo hayatoshi pale inapohusika siku ambayo haiwezi kurudiwa. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kuwa ushahidi, mradi utaje idadi, ladha, rangi, tahajia ya jina litakaloandikwa, siku na saa ya kupokea, nani anamlipa bodaboda, na nani anabeba hasara keki zikiharibika njiani. Picha ikitumwa, mwokaji aseme mapema ni nini katika picha hiyo hataweza kukifanya.

Malipo ya awali ya nusu ya bei ni ya haki, na hesabu yetu inaonyesha kwa nini. Keki 22 kwa shilingi 1,500 ni 33,000, na vitu peke yake ni 18,000. Mwokaji anayeanza kazi bila nusu hiyo anamkopesha mteja. Mteja naye aelezwe tangu mwanzo ni hadi siku gani anaweza kughairi na kurudishiwa fedha zake. Oda ikighairiwa kabla vitu havijanunuliwa, hatuoni sababu ya kuzizuia. Mwokaji akikosa kutimiza oda, arudishe zote bila kusubiri kuombwa mara ya pili.

Anayetaka kukua kutoka kibarazani hadi kwenye rafu za maduka atahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula Tanzania Bara. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO, ambako hupewa barua ya utambulisho. Kwa upande wa Zanzibar, usalama wa chakula uko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Bidhaa zinazouzwa kwa uzito zinahitaji mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ile mizani ya jikoni tuliyoisifu ni ya kupimia unga wa mapishi, haifai kwa kuuzia.

Mnunuzi mwenye lalamiko aanze kwa mwokaji mwenyewe, siku hiyohiyo, akiwa na picha iliyopigwa boksi lilipofunguliwa. Lisipotatuliwa, Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji waliopotoshwa, na hapo ule ujumbe wa simu na risiti ya malipo ndivyo vitakavyosema. Mtu akiugua baada ya kula, hospitali kwanza. Keki iliyobaki ifungwe kwenye mfuko safi ulioandikwa siku na saa ilipoliwa, iwekwe kwenye jokofu mahali ambapo watoto hawafiki, na isitupwe mpaka afisa afya wa kata aione.